Wewe Mtoto, Nihimo Yako Ipi?

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Oktoba, shambani kwa mama mkwe, nje kidogo ya Masasi. Tumekaa chini ya mkorosho, wanawake saba na watoto wao, tunakonyoa korosho kwenye mabibo. Kazi hii ukiifanya umevaa nguo nzuri, hesabu nguo imekufa, maana utomvu wa bibo hauogopi sabuni. Binti yangu, kifungua mimba, miaka 12, alikuwa anapita na ndoo kukusanya.

Kulikuwa na bibi mmoja mgeni. Alikuja msibani kijiji cha pili, akaona asirudi kwao bila kumsalimia mama mkwe. Akamtazama binti yangu, akamtazama tena, mpaka mtoto akaona haya.

"Wewe mtoto, nihimo yako ipi?"

Binti akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akaendelea na korosho zake.

"Hana," akajibu wifi yangu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema chumvi hamna. "Mama yake katoka Mbeya."

Bibi akasema "Ooo", ndefu, ya kushuka, akaokota bibo jingine.

Hiyo "ooo" nimelala nayo wiki tano sasa.

## Ng'ombe wa Tukuyu

Kwa asiye wa huku: nihimo ni ukoo kwa Wamakua, na mtu huupata kwa mama yake. Si kwa baba. Baba anaweza kuwa na mali, kimo na sauti ya kuongoza kwaya, lakini nihimo yake haivuki kwenda kwa mtoto. Mtoto hufuata tumbo.

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Kwetu ng'ombe wakishatoka, watoto wana kwao, na kwao ni kwa baba.

Posa yangu, mwaka 2012, ilikuja kwa barabara ya Tunduru. Wakati ule si hii lami mnayoiona, ilikuwa vumbi na mashimo, na wakwe zangu walifika kwetu Tukuyu siku ya tatu, wekundu kama matofali, wanatetemeka kwa baridi. Baba yangu akataja ng'ombe sita. Msemaji wao alikuwa mjomba wa mume wangu (kwao huwezi kuoa bila mjomba), mzee mfupi mwenye maneno ya taratibu. Akakohoa, akasema: "Mzee, sisi kwetu tunafuga mikorosho. Haina kwato."

Wazee wakacheka mpaka chai ikapoa. Ng'ombe wakageuzwa fedha, fedha zikahesabiwa mara mbili, nikaolewa.

Hakuna aliyeuliza watoto watakuwa wa nani. Kwa nini waulize? Kila upande ulikuwa unalijua jibu tangu utotoni.

Baada ya siku ile ya mabibo nilimpigia baba simu, nikamuuliza kama kwa utani tu: "Baba, hivi wajukuu zako wa huku ni wa ukoo wetu?" Akashangaa. "Wa ukoo wetu vipi? Ng'ombe nilishakula. Hao ni wa huko huko."

Usiku nikamuuliza mume wangu. Naye akashangaa vilevile, kwa sauti ileile. "Watoto ni wa kwenu. Si umewazaa wewe?"

Mmewahi kuona mnofu wa mwisho kwenye sinia? Kila mgeni anamsukumia mwenzake kwa adabu. Kula wewe. Hapana, kula wewe. Mnofu unapoa pale katikati, na hakuna aliyefanya kosa.

## Kumkimbia baba mkwe

Nisionekane kama mtu aliyetua jana. Nina miaka 15 huku. Nilikuja 2010 nimepangiwa shule, mwalimu mpya na begi moja, nikapita Dar es Salaam, nikavuka daraja la Mkapa nikidhani shida zimekwisha. Kumbe ndiyo kwanza tunaikaribia ile Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 za tope. Tulilala njiani. Mama mmoja Mwislamu wa Nachingwea, ambaye sikumwona tena maishani, alinipa nusu ya mkate wake na kunifunika kanga. Alikuwa mtu wa kwanza wa kusini kunifanyia jambo, na nadhani ndiyo sababu sikuwahi kuogopa huku.

Vyakula nilivizoea. Joto nililizoea nusu. Kanisa ndilo lililonishinda mwanzoni. Mimi nimelelewa Moravian, tarumbeta na nyimbo ndefu na mchungaji aliyevaa kawaida. Huku nikaolewa kwenye Anglikana ya Masasi: padre, misa, ubani, kengele, kupiga magoti kila baada ya dakika tano. Baba alipokuja mara ya kwanza alikaa kimya ibada nzima, na tulipotoka nje akaninong'oneza, "Mbona hukutuambia umeingia Roma?"

Lakini yote hayo si kitu mbele ya baba mkwe.

Kwetu mke hamzoei baba wa mumewe. Bibi yangu alinifundisha: ukimwona anakuja njia hii, wewe pita ile, usikae naye chumba kimoja, usimtazame usoni. Wakristo tumelegeza mengi katika hayo, ila mwili haujalegea. Basi wiki ya kwanza ya ndoa, baba mkwe, mtu mpole, mzee wa kanisa, anatoka na kiti chake anakuja kukaa nami jikoni tupige soga. Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Kesho yake tena. Siku ya tatu akamwuliza mwanawe, "Mkeo nimemkosea nini?"

Mume wangu alipomweleza, mzee alicheka, kisha akafanya jambo ambalo sijamsahaulia. Akaanza kukohoa kila akikaribia, kwa mbali, ili nipate muda wa kuamua kama nakimbia au nabaki. Alikohoa hivyo karibu mwaka mzima.

Siku moja nilibaki.

## Mikorosho ya mjomba

Hapa pana jambo ambalo nilitaka kuliruka, lakini nikiliruka nitakuwa nimewadanganya.

Shamba la mume wangu lilikuwa la yule mjomba wake mwenye maneno ya taratibu. Alifariki, na mikorosho ikaja kwa mpwa, ndivyo inavyokwenda. Kwa mwendo huohuo, siku mume wangu akiondoka, mikorosho itakwenda kwa watoto wa wifi yangu. Si kwa wangu. Wangu wangerithi kwa mjomba wao, yaani kaka yangu, ambaye yuko Tukuyu na ana watoto wake na migomba yake, na hajui kama anadaiwa kitu.

Mwaka juzi nilimwambia mume wangu aandike wosia. Nilimwambia vibaya, siku mbaya, malipo ya korosho yamechelewa chama cha msingi na ada zinadaiwa. Akasikia kwamba namwombea kufa na namchukia dada yake. Tulikaa siku tisa tunaongea kupitia watoto. "Mwambie baba yako chakula tayari." Tulikwenda misa tumekaa benchi moja, na ilipofika kupeana amani akanipa mkono kama anayempa mkono mwenyekiti wa kijiji.

Wosia aliandika mwishowe. Miche mipya tuliyoipanda wenyewe ni ya watoto wetu, ile mikubwa ya mjomba inafuata njia yake. Naona ni haki. Siku nyingine naona si haki. Inategemea nimelala vipi.

Kwa hiyo bibi wa mabibo alipouliza, hakugusa jambo la hewani. Aligusa pale pale.

## Majina yaandikwe

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, likatoka tangazo: wanaotaka mabinti zao waingie malango likizo ya Desemba, majina yaandikwe mapema.

Malango ni unyago wa kanisa. Watu wa kwetu nikiwaambia kanisa lina unyago wananitazama kana kwamba nimesema kanisa lina mganga. Huku si jambo jipya hata kidogo. Dayosisi ya Masasi ilianza 1926, na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, alikuwa ameshaliingiza jando ndani ya kanisa kabla ya kuwa askofu, pakiwa na misa na sala mahali pa matambiko. Wazungu wengi walishtuka. Lakini kazi yenyewe waliibeba mapadre Waafrika, watu waliozaliwa humu, waliojua kwamba kijana wa Kikristo asiyepita jando atabaki mtoto mbele ya wenzake mpaka azeeke, au atatoroka usiku aende la porini. Wasichana nao wakapata malango yao.

Binti yangu alikuwa ameshajua kabla ya tangazo. Rafiki zake wote wanaingia. Alinifuata jikoni: "Mama, na mimi niandike?"

Nikamwambia nitafikiri. Mwalimu akisema nitafikiri, mtoto anajua ni hapana.

Sababu nilikuwa nazo, na nyingine bado ninazo. Nimefundisha darasa la tano na la sita muda mrefu. Nimewaona wasichana wanaorudi Januari kutoka unyago wa mitaani, wadogo wa miaka tisa au kumi, wameambiwa wamekua, na wengine wakaamini. Wapo ambao sikuwaona darasa la saba. Kanisa linasema la kwao si hilo. Nikauliza, basi wanafundishwa nini humo ndani?

Wifi yangu akanijibu kwa upole, mkono begani: "Hayasemwi nje, wifi. Ukitaka kujua, unaingia."

"Basi nitaingia naye."

Kimya. Wakatazamana.

"Huwezi kuingia. Wewe hujachezwa unyago."

Nina miaka 39. Nimezaa mara tatu, nimezika mara moja. Nimefundisha watoto wa watu hawa kusoma na kuandika. Na mbele ya mlango ule mimi ni mtoto, nitakaa nje na watoto wenzangu, binti yangu aingie anipite.

Nilirudi nyumbani na hasira, nikaiita hasira ya Kikristo. Nilipanga aya: mwili wenu ni hekalu, msifuatishe namna ya dunia hii. Zilikaa vizuri mdomoni. Usiku nikajaribu kuomba, na mimi nikiwa na jambo zito naomba kwa Kinyakyusa, kwa Kiswahili naona kama naandika barua ya kuomba kazi. Na katika Kinyakyusa sikuweza kudanganya. Kilichokuwa kinaniuma si mafundisho.

Kilikuwa wivu.

Mimi nilipovunja ungo, mama alinipa vitambaa, akaniambia "sasa ujitunze", akaenda kuchuma chai. Basi. Hakuna aliyeniketisha. Hakuna aliyenishika mkono, akaniimbia, akaniambia mwili huu ndivyo ulivyo na mume ndivyo alivyo na aibu ipo hapa na raha ipo hapa. Niliingia kwenye ndoa kama mtu anayeingia chumba cha giza anapapasa ukuta. Na mama yangu si mtu mbaya, ni Mkristo safi. Alinipa alichopewa.

Nilifungua Matendo, sura ya 16, kwa sababu nilikumbuka kulikuwa na kijana mmoja wa nyumba mchanganyiko. Timotheo, mama Myahudi, baba Mgiriki. Na Paulo, huyuhuyu aliyegombana na watu wote kwamba tohara si kitu, akamchukua kijana mkubwa akamtahiri. Kwa sababu gani? Kwa ajili ya watu wa mahali pale, ambao wote walijua baba yake ni nani. Nimeisoma sura hiyo tangu Shule ya Jumapili na sikuwahi kuona kwamba Timotheo alipelekwa jando.

Sisemi ni ruhusa. Ila nililala.

## Waliofika bila ukoo

Kesho yake baba mkwe akaja. Alikohoa kwa mbali, ingawa siku hizi hana haja.

Hakuzungumza habari za malango. Alizungumza habari za Masasi. Ile 1876, Askofu Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wanaelekea upande wa Ziwa Nyasa ambako wengi walitekwa. Wakafika hapa, wakaona majabali na maji na udongo mzuri, wakachoka kutembea, wakasema tunabaki. Ndio mwanzo wa kanisa. Miaka sita baadaye Wangoni wakawashambulia, misheni ikahamia Newala kwa muda, wakarudi tena.

"Zamani," akasema, "mtu akiulizwa nihimo akakosa, watu walijua huyo ni mateka. Ndiyo maana yule bibi alinyamaza. Hakutaka kumtia aibu mtoto."

Sikuwa nimelijua hilo. Nilihisi uso unawaka.

"Lakini hao walioleta Injili hapa," akaendelea, "hawakuwa na nihimo hata mmoja. Walikutana melini. Tumepokea ubatizo kwao." Akanyamaza, akachora chora mchanga na fimbo. "Walikuwa wanakwenda kwenu, unajua. Upande ule ule wa ziwa. Sasa wewe umekuja kutoka huko. Na sisi tumekaa miaka kumi na mitatu tunakuacha mlangoni. Ni kosa letu."

Nikasema, kwa haraka ya mtu anayetaka kulia, "Basi mama anipokee kwenye nihimo yake yaishe."

Mzee akacheka mpaka akafuta macho. "Mama yako mkwe akikupokea, wewe na mumeo mnakuwa ndugu tumbo moja. Itabidi tuwatenganishe."

Kumbe ameshalifikiria. Kumbe amelifikiria kwa muda mrefu. Nihimo ya mama mkwe ni ya mume wangu, haifai. Lakini ya baba mkwe ni nyingine kabisa, na mtu kuoa katika nihimo ya baba yake ni ruksa, tena ni ndoa inayosifiwa. Yeye hawezi kunipa nihimo, yeye ni mwanamume. Ila ana dada. Shangazi wa mume wangu, mjane anayeishi barabara ya kwenda Ndanda, aliyezaa wavulana watupu. Akiniketisha mbele ya watu na kusema huyu ni mwanangu, basi mimi nina mama, watoto wangu wana nihimo, na yeye baba mkwe...

"Mimi nitakuwa mjomba wako," akasema.

Yule niliyemkimbia na mwiko.

Nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua: kutakuwa na unga? Kutakuwa na mti, na kuwaita waliokufa? Maana hapo nitasimama. Akaniambia hapana, padre atasali, shangazi atasema, watu watasikia, tutakula. "Unga tutapikia ugali."

Lakini sijui kama moyo wangu umetulia. Harusini kwetu mchungaji alisoma Ruthu, lile neno la uendako nitakwenda. Wanalisoma kila harusi kana kwamba bibi arusi anamwambia bwana arusi, na Ruthu alikuwa anamwambia mama mkwe, njiani, wote wawili wajane. Nimelisoma mpaka mwisho safari hii. Mtoto alipozaliwa, jirani wanawake ndio waliompa jina, wakasema Naomi amepata mwana. Naomi! Ruthu hayumo hata kwenye sentensi. Nilikuwa naliona jambo zuri. Sasa nikajiuliza Ruthu alikuwa amekaa upande gani wa chumba, na mama yake mzazi kule Moabu alisikia habari hizo kwa nani.

## Simu

Kwa hiyo nilimpigia mama.

Nilimweleza yote, polepole, kuanzia mabibo. Malango nilimwambia pia. Hapo alivuta pumzi, akasema jina la Yesu mara moja, akaniacha niendelee. Nilipofika kwa shangazi sikujua niseme vipi. Mwanamke mwingine anataka kusema mbele ya watu kwamba mimi ni mwanawe. Nikasema hivyo hivyo.

Kimya kirefu. Nasikia mvua kwenye bati lao. Tukuyu mvua haikosi.

"Sasa huyo mama," akasema mwishowe, "anayetaka kukuchukua uwe mwanawe. Mimi atanipa ng'ombe wangapi?"

Nilicheka, kisha nikagundua hacheki.

"Mama, huku hawana ng'ombe."

"Najua. Mikorosho haina kwato, tulishasikia. Basi aje mwenyewe. Aje akae kwangu, aniambie usoni. Nimwone."

Nilimpelekea shangazi ujumbe nikidhani ndio mwisho wa habari. Mwanamke wa miaka 68, hajawahi kuvuka Tunduru. Akauliza nauli. Akauliza kama basi linalala njiani, nikamwambia siku hizi ni lami. Akauliza kama kwetu wanakula samaki wakavu wa pwani, maana hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Halafu akauliza baridi yake ikoje.

Jina la binti nimeliandika, kwa penseli.

Jumamosi hii mimi na shangazi tulikwenda soko la Masasi kutafuta sweta. Jua la Novemba, jasho linatutiririka mgongoni, tunachambua marundo ya mitumba. Akapata moja la sufu, zito, la kijani, akalivaa pale pale juu ya gauni, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akageuka.

"Linatosha?"

Kijana wa mitumba akatutazama, akanyamaza.